Usiku ambao Liverpool walikuwa na njia tatu

Fundi redio wa mtaani kwetu ni shabiki wa Liverpool wa kufa na kuzikana, lakini kanda anayoitunza kuliko zote dukani mwake ni ya mechi ambayo Liverpool walifungwa nyumbani. Ni kanda ya VHS, lebo yake imekwajuka, na juu ya lebo kuna maandishi ya kalamu ya wino: ANFIELD 26/5/89. Aliletewa na mdogo wake aliyekuwa baharia. Deki ya kuichezea imebaki moja tu. Kila ligi inapokaribia ukingoni huifungua, akaisugua hedi kwa pamba na spiriti, kisha akaifunika bila kurudishia skrubu zote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kutazama msiba wangu tena?"

Ndiyo, nimekuja. Huja kila Mei.

Ukuta wa pili kutoka dukani kwake kuna kibanda umiza, na vijana wa pale hawana habari na mambo ya 1989. Kwao, siku ya mwisho ya ligi ni moja: Mei 13, 2012, Manchester City na QPR, dakika za nyongeza, Dzeko anasawazisha, Aguero anamalizia, 3-2, ubingwa kwa tofauti ya mabao. Waliiona kwa macho yao, wengine wamepanda juu ya mabenchi, na aliyekuwa amelipa kiingilio na asiyelipa wakakumbatiana. Mzee habishani nao. Alisema mara moja tu, akiwa ameinamia redio ya mteja, "Aguero aliwafunga QPR. Thomas alitufunga sisi."

Hapo ndipo penye tofauti. City walikuwa nyumbani, wakicheza na timu iliyokuwa inapigania isishuke daraja, huku wapinzani wao wa ubingwa wakicheza mji mwingine. Mwaka 1989 aliyekuwa wa kwanza, Liverpool, na aliyekuwa wa pili, Arsenal, walikutana wao kwa wao, kwenye uwanja wa yule wa kwanza, Anfield, katika mechi ya mwisho kabisa ya msimu mzima. Timu nyingine zote zilikuwa zimeshamaliza. Hakukuwa na haja ya kutega sikio redioni kusikia ya uwanja mwingine.

Mechi ile haikupangwa iwe ya mwisho. Ratiba iliiweka Aprili 23. Jumamosi ya Aprili 15 Liverpool walikwenda Sheffield, uwanja wa Hillsborough, kucheza nusu fainali ya Kombe la FA na Nottingham Forest, na mashabiki wao wakabanwa kwenye vizimba vya jukwaa la upande mmoja mpaka pumzi zikawaisha. Idadi ya waliokufa leo inahesabiwa 97. Wa mwisho alifariki 2021 kwa majeraha ya siku ile. Ilichukua miaka 27 mpaka jopo la uchunguzi likatamka, mwaka 2016, kwamba watu wale waliuawa kinyume cha sheria na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa. Katika wiki zile za Aprili, wachezaji wa Liverpool na kocha wao Kenny Dalglish walikuwa wakitoka mazishi haya kwenda mazishi yale.

Waliporudi kwenye mashindano Mei 3, viporo vilikuwa vimewajaa. Kuanzia siku hiyo hadi Mei 26 walicheza mechi nane ndani ya siku 24. Mojawapo ilikuwa fainali ya Kombe la FA, Mei 20, dhidi ya jirani zao Everton, iliyokwenda mpaka dakika 120 na kuisha 3-2. Kombe moja likawa kabatini. Kama wangechukua na ligi, wangekuwa klabu ya kwanza England kubeba makombe hayo mawili kwa msimu mmoja mara ya pili, maana walishafanya hivyo 1986.

Sasa njoo kwenye hesabu, na hapa mzee hutoa karatasi. Hana haja nayo, anazijua kwa kichwa, lakini anapenda kuziandika.

Asubuhi ya Jumanne Mei 23, Arsenal na Liverpool walikuwa sawa kwa kila kitu kinachoangaliwa mwanzo: pointi 73 kila mmoja, tofauti ya mabao 35 kila mmoja. Liverpool walikuwa na mechi mbili mkononi, Arsenal moja. Usiku ule Liverpool wakawafunga West Ham 5-1, wakawashusha daraja kabisa, na wakafika pointi 76 na tofauti ya mabao 39. Kama wangeridhika na 3-1, basi Arsenal wangehitaji ushindi wa 1-0 tu Ijumaa. Bao la nne ndilo lililoufunga mlango huo. La tano likaweka komeo. Sasa Arsenal walitakiwa kushinda kwa mabao mawili, Anfield, mahali ambapo hawakuwa wameshinda tangu 1974.

Mabao mawili kamili yangewaacha wote na pointi 76 na tofauti ya mabao 37. Hapo wangehesabu mabao ya kufunga: Arsenal 73, Liverpool 65. Lakini kuna jambo ambalo mzee huliandika chini kabisa ya karatasi na kulipigia mstari. Mpaka 1976 England hawakutumia tofauti ya mabao, walitumia wastani: unachukua mabao ya kufunga unagawa kwa ya kufungwa. Kwa sheria hiyo ya zamani, 65 kwa 28 ni 2.32, 73 kwa 36 ni 2.03. Bingwa ni Liverpool.

"Unaona?" anauliza, kama kwamba mimi ndiye niliyebadilisha sheria.

Upande wa pili, hakuna aliyekuwa akiwapa Arsenal nafasi. Waliongoza ligi kwa muda mrefu, halafu mwishoni miguu ikaanza kutetemeka: Mei 13 wakafungwa na Derby nyumbani 2-1, siku nne baadaye wakatoka 2-2 na Wimbledon, nyumbani pia. Pointi moja kati ya sita. Hawakuwa wamechukua ubingwa tangu 1971, wakati kocha wao wa sasa, George Graham, alipokuwa mchezaji wao. Gazeti moja la London liliandika kwamba hata dua haitawasaidia. Liverpool, kwa upande wao, hawakuwa wamefungwa mechi yoyote tangu siku ya Mwaka Mpya.

Graham aliwapeleka vijana wake Liverpool siku ileile ya mechi, kwa basi. Wakala chakula hotelini, wakalazwa mchana. Mpango wake, kama yeye na wachezaji wake walivyousimulia baadaye, ulikuwa wa kushangaza kwa timu inayotafuta mabao mawili: msifungwe. Mapumziko yawe 0-0, kipindi cha pili tupate moja, halafu wao ndio waanze kuogopa. Akapanga mabeki wa kati watatu, Adams, Bould na O'Leary, na watu wakasema amekwenda kujilinda.

Mpira ulichelewa kuanza kwa sababu mashabiki wa Arsenal walikuwa wamekwama kwenye foleni ya barabara kuu. Wachezaji wa Arsenal, wamevaa njano, wakaingia na mashada ya maua, wakayagawa pande zote za uwanja kwa ajili ya waliokufa Hillsborough. Kwenye kanda ya mzee sehemu hii ina mikwaruzo, picha inapanda na kushuka, lakini sauti ya makofi inasikika vizuri.

Nimeitazama mechi hii mara nyingi kuliko nilivyotazama mechi za timu yangu mwenyewe, na kila mara kinachonishangaza ni kipindi cha kwanza, ambacho wasimuliaji wote hukiruka. Hakina bao. Lakini waangalie Liverpool. Hawa ndio waliopiga tano Jumanne. Wana Barnes, wana Aldridge, wana Rush, ambaye aliumia mapema akaingia Beardsley. Wanavuka mstari wa kati, wanasimama, wanageuka, mpira unarudi kwa Hansen, kutoka kwa Hansen unakwenda kwa kipa Grobbelaar, ambaye enzi hizo sheria ilimruhusu kuudaka hata ukirudishwa na mwenzake kwa mguu. Anaudaka, anaudunda, anaangalia. Muda unakwenda. Muda ukienda ni faida kwao. Au siyo?

Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Liverpool usiku ule walikuwa nazo tatu. Wakishinda ni mabingwa. Wakitoa sare ni mabingwa. Hata wakifungwa moja, bado ni mabingwa. Timu iliyozoea kuingia uwanjani ikijua kitu kimoja tu, kushinda, iliambiwa na msimamo wa ligi kwamba leo kuna njia nyingine mbili, na zote zinafika nyumbani. Ukiwatazama unaona mguu mmoja unataka kushambulia, mwingine unataka kulinda. Arsenal walikuwa na njia moja, nyembamba, yenye miiba, lakini hakuna mtu katika jezi ya njano aliyehitaji kufikiria aende wapi.

Nilipomweleza mzee nadharia yangu hii aliitikia kwa kichwa, akaendelea kuchomea waya, kisha akasema, "Miguu ilichoka, mwanangu. Walikuwa wamezika watu." Sina jibu la hilo. Huenda yote mawili ni kweli, na huenda la kwake lina uzito zaidi.

Dakika ya 52, Arsenal wanapata mpira wa adhabu, ule ambao huwezi kufunga moja kwa moja mpaka uguswe na mtu mwingine. Winterburn anaupiga kwa mguu wa kushoto, Alan Smith anajitokeza katikati ya mabeki, anauparaza kwa kichwa, unaingia. Wachezaji wa Liverpool wanamvamia mwamuzi David Hutchinson: haukuguswa! Mwamuzi anakwenda kwa mshika kibendera. Kwa sekunde kadhaa uwanja mzima unawatazama watu wawili wanaozungumza kando ya mstari. Kisha mkono unaonyesha katikati. Bao. Mzee amelirudisha nyuma mara nyingi mpaka kanda imechubuka mahali hapo, na anakiri mwenyewe kwamba kichwa kiligusa.

Sasa ni 1-0, na hapa ndipo mchezo unapogeuka kuwa wa ajabu, kwa sababu wanaofungwa ndio wanaotaka filimbi ipulizwe. Mashabiki wa nyumbani wanapiga miluzi. Dakika ya 74 Michael Thomas, kiungo wa miaka 21, anabaki na kipa peke yake na kupiga mpira mlaini, wa kumpasia mtoto, mikononi mwa Grobbelaar. Ukiwa hujui mwisho wake, hapo ungezima televisheni. Yule aliyerekodi kanda hii, yeyote aliyekuwa, nashukuru hakuizima.

Dakika ya 90 inakaribia, Kevin Richardson wa Arsenal yuko chini, anatibiwa. Kamera inamwonyesha Steve McMahon wa Liverpool. Ameuliza benchi muda uliobaki, na sasa anawazungukia wenzake akiwa amenyanyua kidole kimoja. Dakika moja. Uso wake umekaza, kidole kimesimama, anakionyesha kwa huyu, anakionyesha kwa yule. Sijui picha nyingine ya mpira inayoniuma kama ile ingawa mimi si mtu wa Liverpool.

Kisha mzee hunyoosha mkono na kubonyeza kitufe cha kusimamisha. Hapo, kila mwaka. Hajawahi kusimamisha kwenye bao. Anasimamisha kwa John Barnes.

Barnes ana mpira upande wa Arsenal, karibu na kona. Kila mtoto aliyecheza mpira kwenye uwanja wa vumbi anajua la kufanya: peleka mpira kwenye kibendera, uukalie, upigwe, uanguke, upewe faulo, ulale kidogo. Barnes haendi kwenye kibendera. Anakata kuelekea ndani, anataka kumpiga mtu chenga aingie kwenye boksi. Anataka kufunga. Ile njia ya kwanza, ya kushinda, ndiyo aliyoijua maisha yake yote, na mwili ukaifuata wakati ligi nzima inamwambia asiifuate. Richardson, aliyekuwa chini muda si mrefu uliopita, anamnyang'anya na kuurudisha kwa kipa John Lukic.

Picha iliyosimamishwa ya VHS haitulii. Inatetemeka, na mstari mweupe unapita juu ya magoti ya Barnes. Mzee anaitazama kimya. Nilimuuliza mwaka juzi kama amemsamehe.

"Nimsamehe nini? Angefunga ningemsifu."

Anabonyeza tena. Lukic hapigi mbali, anamrushia Dixon kwa mkono, na unaona hata wenzake wanamshangaa. Dixon anapiga mpira mrefu. Smith anaupokea huku amelipa goli mgongo, anageuka, anaupenyeza mbele kwa Thomas anayekimbia kutoka katikati. Thomas anataka kumpita Nicol, mpira unamgonga Nicol, unamrudia Thomas, unadunda mbele yake vizuri kana kwamba umepangwa. Grobbelaar anatoka. Huyu ni kipa aliyezaliwa Durban, akakulia Zimbabwe, na kuichezea Zimbabwe. Mwenye vituko vingi lakini si mtu wa kuyumba. Anamsubiri Thomas apige. Thomas anasubiri pia. Nyuma yake Houghton wa Liverpool anakuja kwa mbio zote. Thomas anasubiri tena kidogo, muda ambao kwenye televisheni unaonekana mrefu kuliko heshima inavyoruhusu, mpaka kipa anaanza kwenda chini. Ndipo anaunyanyua juu yake.

Kwa saa zetu za Afrika Mashariki ilikuwa inagonga saa sita za usiku. Zanzibar walikuwa na televisheni yao tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja; vya kwanza vilikuja 1994. Aliyetaka habari za ligi ya England alikuwa na redio ya masafa mafupi na uvumilivu wa kuikuna ile swichi mpaka mlio ukae sawa. Bao lililotikisa Uingereza nzima, huku kwetu lilifika likiwa tarakimu mbili zinazosomwa na mtangazaji: Liverpool 0, Arsenal 2. Mzee alizisikia hivyo. Alidhani amesikia vibaya, akasubiri taarifa ya baadaye, ikarudia vilevile. Mabao yenyewe aliyaona mdogo wake alipoteremka melini na kanda hii.

Kulikuwa na vijana watano kwenye kikosi kile cha Arsenal waliolelewa na klabu yenyewe: Adams, Thomas, Rocastle, Merson na Hayes aliyetokea benchi. Rocastle ndiye anayevaa namba 7, anayekimbia kuliko wote na kulalamika kuliko wote. Alifariki Machi 31, 2001, kwa saratani, akiwa na miaka 33 tu. Akipita kwenye kioo mzee humtaja kwa jina lake la kwanza, David, kama mtu wa mtaani.

Ubingwa wenyewe haukuwapeleka Arsenal popote, maana klabu za England zilikuwa zimefungiwa mashindano ya Ulaya tangu maafa ya uwanja wa Heysel ya 1985. Waliofaidi zaidi ni watu wa televisheni. Waliiweka mechi Ijumaa usiku, wakaionyesha moja kwa moja, na mamilioni wakakaa majumbani wakitazama ligi ikiamuliwa mbele ya macho yao. Miaka mitatu baadaye ikazaliwa Ligi Kuu tunayoilipia ving'amuzi leo. Liverpool walichukua ubingwa msimu uliofuata, 1990, kisha wakakaa miaka 30 bila kuugusa. Na Michael Thomas? Desemba 1991 alihamia Liverpool. Mei 1992 akafunga kwenye fainali ya Kombe la FA dhidi ya Sunderland, akiwa amevaa nyekundu ya Anfield. Mzee anasema hapo alilipa nusu ya deni.

Sisi wawili tunapenda zaidi kinachotokea baada ya bao. Thomas ameshapinduka sarakasi yake, wenzake wamemrukia, benchi la Arsenal limechanganyikiwa. Mpira unarudishwa kati. Zimebaki sekunde chache na Liverpool, mwishowe, wana njia moja tu. Wanakuja mbio. Mpira unaingia kwenye boksi la Arsenal, na mtu anayeukuta pale, katikati ya watu wanaopiga ovyo na kupiga kelele, ni Thomas yuleyule. Haubutui jukwaani. Anautuliza, anaurudisha taratibu kwa Lukic, kama vile ni mazoezi ya Jumatano asubuhi. Lukic anaudaka.

Filimbi. Jukwaa la Kop, la mashabiki wa nyumbani, ambalo lingeweza kununa na kuondoka, linabaki na kuwapigia makofi waliovaa njano. Tony Adams anaelekea mahali kombe lilipo, wachezaji wanajipanga nyuma yake, na hapo picha inakatika. Inaingia harusi. Mtu alirekodi juu: bibi harusi ameinamisha kichwa, taarabu inapigwa, watu wanatunza noti.

"Umeona?" mzee anasema, akinyoosha mkono kwenye kitufe cha kurudisha nyuma. "Kwenye kanda yangu hawajakabidhiwa."